Sura ya Nne: Kila Neno na Kipimo Chake

Saa moja asubuhi miksa ilikuwa imeshaanza kunguruma. Ilikuwa siku ya kumwaga slabu ya ghorofa ya kwanza, na aliyewahi kukaa saiti anajua siku hiyo ilivyo. Vijana wa kuongeza nguvu wameshafika, makarai yamepangwa, mama lishe ameshapewa idadi ya sahani. Zege likianza kumwagwa halisubiri mtu, kwa hiyo kila mmoja ana haraka yake.

Mzunguko wa tatu ulitoka mzito. Kijana wa toroli akalalamika, na nyapara akapaza sauti: "Ongeza maji!" Ndoo ilikuwa imeshainuliwa. Mhandisi aliyekuwa zamu akanyoosha mkono kumzuia kijana, kisha akaagiza koni iletwe.

Koni yenyewe ni bati tu lililo wazi juu na chini. Urefu wake ni milimita 300, mdomo wa chini milimita 200, wa juu milimita 100. Akaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka akilichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma. Akasawazisha juu, akainua koni taratibu, akaisimamisha kando ya lile zege lililobaki likiwa limetuna kama kichuguu. Akalaza fimbo juu ya koni, akapima kwa rula zege limeshuka kiasi gani. Milimita 80. Maelezo ya kazi yalitaka kati ya 50 na 100.

"Liko sawa," akasema. "Msiongeze hata kikombe."

Nyapara hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaona migongo ya vijana wake. Lakini yeye na mhandisi walikuwa wakitumia neno moja, "zito", mmoja akilipima kwa mgongo na mwingine kwa rula. Nimeandika sura hii kwa sababu ya asubuhi ile. Maneno ya saiti yanaonekana kuwa ya kawaida, na mengi tumeyazoea tangu utotoni. Hata hivyo kila neno limebeba kipimo ndani yake, na nyuma ya kila kipimo yupo mtu anayepaswa kukijibia. Anayejenga fremu za biashara, anayepanga ofisi, anayeweka akiba yake kwenye jengo la ghorofa, akilijua neno bila kipimo chake amejua nusu tu. Nusu iliyobaki huilipia baadaye.

Nani ni nani

Tuanze na watu, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunachanganya mapema. Mwenye jengo katika mkataba huitwa mwajiri au mteja. Msanifu majengo ndiye anayechora jengo litakavyokaa na kutumika: milango, ngazi, mwanga, njia ya kutokea moto ukizuka. Mhandisi wa miundo anakokotoa jinsi litakavyosimama: nguzo zina unene gani, nondo ngapi, msingi unashuka wapi. Mkadiriaji majenzi anapima kazi yote kwenye ramani na kuigeuza kuwa vipimo na fedha. Mkandarasi ndiye anayejenga, na anaweza kuwapa makandarasi wadogo sehemu za kazi kama umeme, mabomba au lifti. Chini yake yupo nyapara, mafundi waashi, mafundi nondo, mafundi mbao, na saidia fundi ambaye bila yeye hakuna tofali litakalopanda.

Nchini Tanzania, wataalamu hawa hawajipachiki majina. Mwaka 1997 zilipitishwa sheria zilizounda bodi tatu: ya wahandisi, ya makandarasi, na ile ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba. Wa daraja la saba anaruhusiwa kazi ndogo, na wa daraja la kwanza hana ukomo wa thamani. Kenya ina mamlaka yake ya ujenzi kwa sheria ya mwaka 2011, na madaraja yake ni manane.

Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi ni mkandarasi", swali linalofuata ni "wa daraja lipi?" Swali hilo si la dharau. Ni sawa na kumuuliza dereva kama leseni yake ni ya basi au ya bajaji. Na fundi mzuri aliyejenga nyumba ishirini za chini, hata kama mkono wake ni wa dhahabu, bado si mhandisi wa miundo. Nyumba ya chini husamehe mengi, lakini ghorofa haina msamaha wa aina hiyo.

Hata neno ghorofa lenyewe linahitaji ufafanuzi. "Jengo la ghorofa nne" kwa mmoja ni sakafu nne kwa jumla, na kwa mwingine ni sakafu ya chini na nne nyingine juu yake. Wataalamu huandika G+3 au G+4, G ikiwa ni sakafu ya chini, ili ubishi uishe. Kwenye kibali cha ujenzi na kwenye hesabu za msingi, tofauti ya sakafu moja ni tofauti ya mamia ya tani.

Kutoka juu kwenda chini

Jengo huzungumza kwa mpangilio, mzigo ukishuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Slabu ni sakafu ya zege inayobeba watu na bidhaa. Slabu hukabidhi mzigo kwa boriti. Boriti huukabidhi kwa nguzo, nguzo kwa kitako cha msingi, na kitako kwa ardhi. Jamvi ni zege la sakafu ya chini linalolala juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Linta hupita juu ya milango na madirisha, na inapozunguka jengo lote mafundi huiita mkanda, kwa sababu inafunga kuta zisiachane.

Boriti ni neno lenye historia ndefu kuliko zege lolote tunalomwaga. Kabla ya nondo, boriti ilikuwa mti wa mkoko uliokatwa kwenye delta ya Rufiji, Lamu na kwingineko pwani. Majahazi yaliibeba hadi Omani na nchi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Mti ule ulibeba vizuri kwa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja vikawa vyembamba na virefu. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Mafundi wa zamani hawakuwa na karatasi ya hesabu, lakini neno boriti kwao lilikuwa na kipimo chake, na hawakulivuka.

Leo boriti ni ya zege na nondo, nayo inaweza kuruka mita sita au nane bila nguzo katikati. Ndiyo sababu duka la kisasa lina ukumbi mpana. Ukitaka kuona zege linavyoweza kutumika kwa akili, tazama Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni la zege lenye umbo la miavuli mikubwa, kila mwavuli na nguzo yake, na chini yake wafanyabiashara wamepata kivuli na hewa.

Mpangilio huu wa mzigo ndio unaojibu swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye maduka: "Ukuta huu naweza kuuvunja nipanue fremu?" Ukuta wa kugawa vyumba tu unaweza kuondolewa. Ukuta unaobeba, nguzo au boriti haviguswi bila mhandisi, hata kama mpangaji wa jirani alivunja wa kwake na hakuna kilichotokea. Mara nyingi jengo halidondoki siku ile unapolikosea. Linaweza kukaa miaka likihesabu.

Zege, nondo na siku 28

Vijiweni Dar es Salaam zege ni chipsi mayai, na kila muuzaji ana zege lake. Saitini uhuru huo haupo. Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji kwa uwiano unaojulikana. Uwiano maarufu wa moja kwa mbili kwa nne maana yake ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa hiyo mfuko mmoja unataka lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto. Hapo ndipo toroli inapoleta matatizo: moja imejazwa hadi ukingo, nyingine imetuna kama mlima, na zote zinahesabiwa "toroli moja". Tengeneza sanduku la mbao la lita 35. Ni kazi ya saa moja kwa seremala, na ubishi wote unakwisha.

Maji ndiyo yanayoharibu mazege mengi. Uwiano wa maji kwa saruji ukiwa 0.5, mfuko mmoja unahitaji lita 25, yaani ndoo kubwa ya lita 20 na robo yake, ukihesabu na unyevu uliomo kwenye mchanga. Ile ndoo aliyokuwa ameiinua kijana ingepandisha uwiano hadi 0.9. Maji ya ziada hayageuki kuwa zege. Hukauka yakaacha vitundu visivyoonekana, na nguvu huondoka pamoja nayo. Kazi ya asubuhi ingekuwa nyepesi kweli, na slabu ingekuwa dhaifu kwa maisha yake yote.

Zege linabeba kwa kukandamizwa, ila likivutwa hukatika upesi. Uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ule wa kukandamizwa. Nondo zimewekwa kwa ajili ya kuvutwa. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili huvutwa upande wa chini katikati, kwa hiyo nondo kuu hukaa chini. Baraza linaloning'inia nje bila nguzo huvutwa upande wa juu, kwa hiyo nondo kuu hukaa juu. Fundi asiyelijua hilo akizisuka zote chini, amesuka vizuri mahali pasipohitajika, na siku mirunda inayolishikilia baraza itakapotolewa, litainama. Vile vipande vidogo vya zege vinavyoitwa biskuti, vinavyoinua nondo zisiguse mbao, vina kazi kubwa pia. Bila biskuti, nondo hubaki uchi chini ya slabu, unyevu huzifikia, kutu huvimba na kubandua zege.

Dukani utaambiwa "nondo ya 12". Uliza: je, ni milimita 12 kweli? Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ya milimita 10 ni karibu kilo 7.4, na ya milimita 16 karibu kilo 19. Mzani wa kawaida unatosha. Nondo ikiwa na milimita 11 badala ya 12, macho hayataona, lakini chuma kimepungua kwa karibu asilimia 16. Kwenye saruji pia tazama namba ya mfuko: 32.5 au 42.5. Namba hizo ni nguvu inayotarajiwa baada ya siku 28, si mapambo ya kiwanda.

Siku 28 ni muda ambao kila mwenye jengo anapaswa kuujua. Zege la kawaida likifikisha siku saba huwa limepata takriban theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28, na linaendelea kukomaa iwapo tu lina maji. Ndiyo maana slabu hufunikwa na kumwagiliwa kwa angalau wiki nzima. Siku ya kumwaga, mhandisi hujaza visanduku vya milimita 150 kila upande. Vipande hivyo hupelekwa maabara na kuvunjwa siku ya saba na ya 28, ili zege lenyewe litoe ushahidi. Anayetoa mirunda mapema kwa kuwa mpangaji ana haraka, amemkatiza shahidi kabla hajasema.

Naandika haya nikikumbuka. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Tunaposema zege, nondo na nguzo, tunazungumzia kilicho juu ya vichwa vya watu waliokuja kutafuta riziki.

Maneno ya fedha

Msiba wa jengo kuanguka huonekana na wote. Upo msiba mwingine wa kimya kimya: jengo linalobaki boma miaka kumi kwa sababu fedha zilikwisha kwenye mkanda. Mara nyingi chanzo chake pia ni maneno.

Karatasi kuu ya fedha ni BOQ, yaani jedwali la vipimo na bei za kazi. Kila mstari una kazi iliyoelezwa, kipimo chake, kiasi, bei ya kipimo kimoja na jumla. Zege hupimwa kwa mita za ujazo, nondo kwa kilo, lipu na rangi kwa mita za mraba. BOQ nzuri inakuwezesha kulinganisha makandarasi watatu kwa kipimo kimoja. Bila hiyo, mmoja anakupa bei ya ufundi tu, wa pili ya ufundi na vifaa, wa tatu ameacha msingi nje, nawe unamchagua aliye rahisi kwa kuwa amesahau mengi zaidi.

Malipo ya awali ni fedha unayotanguliza ili mkandarasi alete watu na mitambo. Hukatwa kidogo kidogo kwenye malipo yanayofuata, na yana dhamana ya benki au bima. Hati ya malipo ni tamko la msimamizi kwamba kazi ya kiasi fulani imefanyika na kupimwa. Fedha ya zuio ni sehemu unayobakiza kila unapolipa, mara nyingi asilimia 5 au 10. Kazi ya shilingi milioni 40 ikithibitishwa na zuio likiwa asilimia 5, unalipa milioni 38 na milioni 2 zinabaki. Bado ni mali ya mkandarasi, ila zinangoja kazi ikamilike na kasoro zirekebishwe. Mwenye jengo anayezigeuza kuwa faida yake anamdhulumu mtu aliyemjengea, na dhuluma hiyo huwafikia saidia fundi wanaosubiri ujira.

Neno lililoniumiza mimi ni dogo kuliko hayo yote: nyongeza. Nilipojenga fremu zangu nne za kwanza, kila Jumamosi kulikuwa na nyongeza. Ukuta wa nyuma usogee nusu mita. Mlango mmoja ugeuzwe. Choo kihamishwe. Kila moja niliikubali kwa mdomo, tukiwa tumesimama juani, kwa maneno "tutaelewana". Mwisho wa kazi fundi, rafiki yangu, alinipa hesabu yake na mimi nikawa na yangu. Zilitofautiana kwa fedha ya kuezeka fremu nzima. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli kama tunavyoikumbuka. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tulipatanishwa na wazee, ila hatukuwahi kufanya kazi pamoja tena, na hilo nalijutia kuliko zile fedha.

Katika mkataba rasmi nyongeza huitwa mabadiliko ya kazi, nayo huhitaji amri ya maandishi: nini kinabadilika, kwa bei gani, muda wa kumaliza unasogea siku ngapi, nani ameagiza. Mistari minne tu.

Na wewe unayepanga badala ya kujenga, una neno lako: mita za mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kwa ndani kina mita za mraba 12. Kipime kwa nje, pamoja na kuta za milimita 150 pande zote, kinakuwa 3.3 kwa 4.3, yaani zaidi ya mita za mraba 14. Kodi ikitozwa kwa mita, utalipia mita mbili za tofali kila mwezi. Uliza kipimo kimeanzia uso upi wa ukuta, na kama korido na ngazi zimo.

"Imekwisha"

Neno la mwisho kwenye saiti ndilo linalosemwa haraka zaidi. Fundi anasema imekwisha akiwa amekusanya miiko yake. Mkataba unasema imekwisha kwa ngazi. Kwanza ni kukamilika kwa kiasi cha kutumika: milango inafunga, maji yanatoka, umeme umekaguliwa, ingawa yapo madogo ya kurekebisha. Hapo pande zote hutembea chumba kwa chumba na kuandika orodha ya kasoro, na sehemu ya zuio hutolewa. Kisha kuna kipindi cha uangalizi, mara nyingi miezi sita au kumi na miwili, ambacho mkandarasi hurudi kurekebisha kinachojitokeza. Ni busara kipindi hicho kipitie angalau msimu mmoja wa masika, kwa sababu paa halijulikani kiangazi. Kisha ndiyo makabidhiano ya mwisho, na zuio lililobaki hulipwa.

Nilipojenga mara ya pili nilinunua daftari la kurasa 96 na kulitundika kwa uzi kwenye msumari wa stoo. Wiki ya kwanza fundi mkuu, mtu mzima kuliko mimi, alinijia akasema kuna nyongeza ndogo kwenye ngazi. Nikamwambia, "Mzee, tuandike." Alinitazama kwa muda, na niliona neno hilo limemgusa vibaya, kama vile nimesema simwamini. Nikamsimulia yaliyonipata mara ya kwanza na rafiki niliyempoteza. Akachukua kalamu mwenyewe. Akaandika ngazi, vipandio viwili zaidi, bei, siku moja, akatia sahihi, nami nikatia yangu chini yake.

Wiki ya tatu nilifika nikiwa nimechelewa, nataka kupita tu nione ukuta na kuondoka. Nikamsikia akiniita kutoka stoo. Alikuwa amesimama mlangoni, daftari mkononi, kidole kwenye mstari mpya: "Bosi, hapa bado hujatia sahihi."